Diski Namba Nane

Karani wa ofisi ya umeme alipitisha kidole juu ya ratiba ya mgawo, akakisimamisha penye Jumanne, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kutukanwa, "Raskazone walikatiwa saa kumi na mbili jioni, wakarudishiwa saa nne. Kama umekuja kulalamika, mama, foleni iko nje."

"Sikuja kulalamika," alisema Inspekta Mboni Sheha. "Nimekuja kushukuru. Andika hayo uliyoyasema, utie na muhuri."

Karani alimtazama mara mbili. Mwaka mzima ule wa tisini na nne hakuna mtu aliyewahi kuishukuru ofisi ile kwa kukata umeme. Akaandika upesi asije akaulizwa la pili.

Mboni alishuka ngazi na karatasi yake mkononi, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Jumatano asubuhi alipokabidhiwa jalada. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ernesti Semkiwa, mwenye Hoteli ya Yambe kule Raskazone, aliuawa Jumanne jioni kwa kupigwa spana ya kichwa. Mtuhumiwa alikuwa Mzee Uweso, mpiga kinanda wa hoteli hiyohiyo, naye alisema kwamba wakati huo alikuwa ukumbini akipiga piano. Kwamba piano ilisikika, hilo hakuna aliyelikana. Tatizo ni kuwa piano ya Yambe iliweza kujipiga yenyewe. Lakini bila umeme ilikuwa kabati tu lenye meno. Basi kama umeme haukuwapo, kuna mikono iliyoipiga, na mikono hiyo haikuweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Furaha ilidumu mpaka ngazi ya mwisho. Pale chini Koplo Tadeo, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu asiye na haraka na dunia, alikuwa ameegemea Land Rover akimenya chungwa.

"Na jenereta, afande?"

"Jenereta gani?"

"Lile ambalo marehemu alikutwa kando yake."

Mboni aliikunja karatasi ya karani mara nne, akaitia mfukoni, akaingia garini. Ukipenda, chongo utaita kengeza, na yeye alikuwa ameenda mbali zaidi: alikuwa amelisahau jenereta alilolizunguka kwa futi kamba jana yake asubuhi, akipima umbali kutoka kwenye damu.

Alitaka mzee huyu atoke. Hilo halikuwa siri. Mzee Uweso alipiga kinanda katika harusi ya mama yake Mboni, akapiga katika harusi ya Mboni mwenyewe, na Ngamiani nzima hakuna nyumba ambayo haikualika sauti ya vidole vyake tangu kabla ya Uhuru. Sasa alikuwa na miaka sabini na mbili, amelala kwenye sakafu ya mahabusu, na kesho Ijumaa angefikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alikuwa amempa Mboni mpaka saa kumi alasiri ya Alhamisi hiyo kuleta kitu cha kumtoa. Asipokileta, jalada lingekwenda kama lilivyo.

*

Hoteli ya Yambe ilikuwa ya shirika la umma kwa miaka ishirini, na katika miaka hiyo ilipungukiwa kitu kimoja baada ya kingine: kwanza sukari, kisha shuka, kisha balbu, mwisho wageni. Ruksa ya biashara binafsi ilipokuja, Ernesti Semkiwa akarudi kutoka Japani na makontena mawili ya vitu vilivyotumika, akainunua hoteli, akaijaza friji kuukuu. Katika kontena la pili ilikuwamo piano nyeusi.

Ilikuwa piano ya kweli, ya mbao na nyuzi, si hizi za betri. Lakini tumboni ilikuwa na ujuzi. Ukiitia kisahani cha plastiki cha mraba, ambacho watu wa hoteli walikiita diski, na ukabonyeza kitufe chekundu, kila utakachokipiga itakiandika: kibao gani umekigusa, kwa nguvu gani, umekiachia lini. Ukibonyeza cha kijani itakurudishia chote, vibao vikishuka na kupanda vyenyewe kama kwamba jini limekaa kitini. Ernesti alimfuata Mzee Uweso nyumbani kwake, akambembeleza apige nyimbo zote anazozijua, diski thelathini. Mzee alifurahi kama bwana harusi. Hatimaye mtu amemkumbuka. Alipiga kila jioni kwa miezi miwili, na Jumamosi iliyopita akamaliza. Jumatatu Ernesti akamwambia mbele ya wafanyakazi, asante sana mzee, kuanzia tarehe mosi piano itapiga yenyewe.

Mzee Uweso akajibu mbele ya wafanyakazi haohao, "Mashine hii itatoa roho ya mtu." Siku ya pili roho ikatoka, na pindo la kanzu ya mzee likakutwa na dizeli. Polisi wengi wangetosheka na hapo.

"Nieleze tena tangu mwanzo, Praxeda," alisema Mboni. "Usiruke."

Praxeda, mpokea wageni, mwanamke wa Bukoba mwenye mwandiko mzuri kuliko wote hotelini, alifunga kitabu chake cha wageni ambacho hakikuwa na mgeni. "Saa moja na robo nilimpelekea bosi chai ofisini. Akanigombeza kwa ajili ya sukari. Wakati huo Mzee Uweso ameshaingia ukumbini na kufunga mlango."

"Kwa nini alifunga?"

"Akijizoeza peke yake hufunga. Anasema akiangaliwa anakosea."

"Kisha?"

"Bosi alikuwa na simu ya Dar es Salaam."

"Ilikatwa saa moja na dakika ishirini na tisa," Tadeo alisoma kwenye daftari. "Opereta wa simu ameandika."

"Ndiyo. Alipoweka simu akapita hapa mbele yangu kwenda banda la jenereta kuangalia dizeli. Hufanya hivyo kila siku ya mgawo. Sikumwona tena. Saa mbili na dakika tano Rama mlinzi akaja mbio anapiga kelele."

Dakika thelathini na sita. Mboni aliziandika na kuzipigia mstari. "Na dakika zote hizo ulikuwa unasikia piano?"

"Zote. Isipokuwa wakati wa adhana."

Mboni aliinua uso. "Wakati wa adhana ilikuwaje?"

"Ilinyamaza. Alikuwa katikati ya ule wimbo wake wa Mkwaja, aliomtungia marehemu mkewe. Adhana ya Isha ilipoanza akaacha. Baadaye akaendelea palepale alipoachia. Siku zote ndivyo anavyofanya. Mimi Mkatoliki, lakini nimeshazoea, hata mimi huacha kuimba."

"Jana hukunieleza hilo."

"Jana uliniuliza nilisikia nini, afande. Hukuniuliza nini sikusikia."

Hakuna mpiga kinanda wa pwani hii anayepiga juu ya adhana. Wapo wanaokunywa, wapo wanaochelewa sala, lakini sauti ya kwanza ya muadhini ikisikika mkono unaondoka kwenye kibao wenyewe, na harusi nzima inasubiri. Mtu anajua hilo. Waya na plastiki kutoka Japani vitajuaje?

"Koplo," alisema, "mashine inasikia adhana?"

Tadeo alifikiri, akatafuta tundu la kupitia, akalikosa. "Haisikii kitu, afande. Inaandika vibao tu."

"Basi aliyenyamaza Jumanne ni mtu."

Alipiga simu pale pale kwenye meza ya Praxeda. Mkuu wa upelelezi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, akasema, "Andika. Ikifika mezani kwangu kabla ya saa kumi, naweka sahihi atoke."

Kituoni, kwenye benchi la nje, Samiha binti Uweso alikuwa amekaa tangu Jumatano na bakuli la uji uliokataliwa. Ni mwana pekee wa mzee, mwanamke wa miaka arobaini, mume hana, mtoto hana, ana baba huyo tu. Mboni alipopita kuchukua fomu za vielelezo alishindwa kujizuia. "Dada, nenda nyumbani ukamletee baba kanzu safi."

Samiha aliusoma uso wake, akaelewa, akambusu mkono mbele ya askari wote. Mboni alijua kwamba amefanya kosa la kazi, na alikuwa na furaha mno kujali.

*

Kilichobaki kilikuwa cha karatasi tu. Diski thelathini zilikuwa vielelezo, na kielelezo lazima kiorodheshwe na kithibitishwe kuwa ndicho. Saa saba mchana, umeme ukiwapo, walikaa ukumbini na kisanduku cha marehemu. Kila diski ilikuwa na namba na jina kwa mwandiko wa Ernesti. Walitia moja moja, wakasikiliza dakika moja, Tadeo akaandika, wakatoa.

Ya nane iliandikwa Mkwaja.

"Hii tuiache iende kidogo," alisema Mboni. "Mama yangu aliupenda."

Vibao vikaanza kushuka vyenyewe. Wimbo ulikuwa wa taratibu, mkono wa kushoto ukitembea, wa kulia ukiuliza na kujijibu. Mboni alikunja mikono akasikiliza. Hata Tadeo, mtu wa ngoma za kwao, alitua kalamu. Dakika ya kumi ikapita. Dakika ya kumi na moja, katikati ya ubeti, vibao vikasimama.

"Imeharibika," alisema Mboni.

Haikuharibika. Katika kidirisha chake kidogo chekundu tarakimu za sekunde ziliendelea kwenda. Tadeo alitazama saa yake ya mkono. Ukumbi ulikuwa kimya, nje mtu akifagia. Zilipita dakika tatu na sekunde kumi. Kisha vibao vikashuka tena, palepale pa ubeti, na wimbo ukaendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Mboni hakuhitaji kuelezwa. Jioni mojawapo ya miezi ile miwili mzee alikuwa anapiga na kitufe chekundu kimewaka, adhana ya Isha ikaita, naye akaacha kama alivyozoea miaka yote. Mashine ikaandika alivyopiga, na ikaandika alivyonyamaza. Haikujua adhana, ila ilikuwa imefundishwa kukaa kimya. Mtu mwenye ratiba ya sala na saa ya ukutani angeweza kuiwasha dakika kumi na moja kabla ya Isha, akafunga mlango, akatoka kupitia dirishani.

"Afande," Tadeo alisema polepole, "orodha inatudai dakika moja kwa kila diski. Dakika moja ya hii tulishaisikiliza."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na Mboni alimshukuru moyoni. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Angeweza kutia sahihi, kufunga kisanduku, na saa kumi mzee angekuwa nje amevaa kanzu safi.

"Ingeweza si ilifanya," alisema badala yake. "Mashine ingeweza kunyamaza, bado haina maana kwamba ndiyo iliyonyamaza. Tunaweza kuzitenganisha. Hii inanyamaza dakika tatu na sekunde kumi, leo, kesho, mpaka kiama. Mtu ananyamaza mpaka adhana iishe. Nataka aliyesikia Jumanne piano ilirudi lini."

"Praxeda?"

"Praxeda hajui adhana inaishia wapi. Nani mwingine alikuwapo?"

*

Asmahani, mpishi, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Mwanamke mnene wa Tanga hasa, amezaliwa Chumbageni na hajawahi kuhisi haja ya kwenda kwingine. Alipomwona Mboni mlangoni aliacha kukuna, kisha akakuna kwa nguvu zaidi.

"Shikamoo, Bi Asmahani."

"Marahaba, mwanangu. Atoka lini huyo mzee wa watu? Mie n'shasoma yasini mara tatu."

"Ndiyo tunayoyashughulikia. Jumanne, piano iliponyamaza wakati wa Isha. Unakumbuka?"

Nazi ilisimama. "Nani alokwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Mie sikusema kitu. Na wala sitasema, maana si jambo la kumsemea mtu mzima aliyeko taabuni. Kila mja ana siku yake ya kughafilika."

"Bi Asmahani, hilo unalolificha huenda ndilo litakalomtoa."

Mboni alisema hivyo na aliamini nusu yake. Asmahani alifuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Aliikata adhana."

"Kivipi?"

"Kwanza alichelewa kuacha. Muadhini kashasema Allahu Akbar mbili, yeye bado yumo tu. N'kasema, masikio ya uzee hayo. Kisha akaacha. Lakini wallahi, mwanangu, muadhini hajafika hata hayya alal falah, huyo kashaanza tena! Kinanda juu ya adhana! Mie n'lishika kichwa hapa hapa. Miaka kumi na tano namsikia Mzee Uweso maharusini, hajafanya hivo. N'kasema, astaghfirullah, huzuni ya kufukuzwa imemtoa akili. Ndo maana sikumwambia mtu. Kumwaibisha ili iweje?"

Tadeo alikuwa ameacha kuandika. Mboni alimwashiria kwa kidole aendelee.

"Kwa muda ule muadhini huwa ameshamaliza," Mboni alisema, akijishikiza kwenye unyasi wa mwisho. "Mzee Abdulla namjua. Adhana yake fupi."

"Abdulla yuko Maramba kwa bintiye, homa imemwangusha tangu Jumapili. Huyu ni mgeni, Mpemba, ana pumzi huyo! Anaivuta utadhani anakokota jahazi." Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, Asmahani aliutazama uso wa Mboni. "N'lilosema limemsaidia? Mbona hunijibu? N'mesema nini mie?"

*

Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia na ishirini kutoka mlango wa jiko. Sheikh Hilal, mgeni wa Pemba, alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, amekaa barazani akitengeneza kandambili.

Mboni alimsalimu, akamweleza anachotaka: Jumanne usiku nani aliadhini Isha, saa ngapi, na kwa muda gani.

"Mie. Saa moja na dakika thalathini na moja, kwa saa ile ya ndani. Kipaza sauti hakikuwapo kwa ajili ya giza lenu, n'kapanda juu ya dari. Muda gani sijui. Weye umepata kumwona mtu akiadhini huku anatazama saa?"

"Unaweza kuniadhinia sasa, sheikh, niupime?"

"Siwezi." Hakuudhika, alieleza tu kama anavyoelezwa mtoto. "Ikiwa hapana wakati, hiyo si adhana, ni makelele. Watu wataacha kazi zao waje kusali sala isokuwapo, dhambi iwe yangu. Yakhe, ngoja alasiri. Mie huadhini namna moja, asubuhi na jioni."

Wakangoja. Mboni alisimama kando ya ukuta, Tadeo chini ya kivuli cha paa, kila mmoja na saa yake. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na mkuu wa upelelezi angeondoka ofisini saa kumi. Mboni alijikuta anaomba kwamba mgeni huyu awe na kifua leo, apate kikohozi, ameze mate vibaya, lolote litakalomfupisha. Kuomba hivyo mlangoni mwa msikiti kulimtia aibu, lakini aliomba.

Saa tisa na dakika arobaini na sita Sheikh Hilal alitia vidole masikioni. Ilikuwa sauti nzuri, na haikuwa na haraka hata chembe. Alipomaliza, Mboni alitazama saa yake, akamwendea Tadeo, wakaonyeshana bila kusema. Dakika tano na sekunde arobaini zote mbili.

Ukitoa kimya cha diski, piano ya Yambe ilipiga juu ya adhana dakika mbili na nusu, zile Allahu Akbar mbili za mwanzo zikiwamo. Mzee Uweso asingepiga hata sekunde mbili. Kwa hiyo hakuwa yeye aliyekuwa ukumbini. Kile alichokishika Mboni asubuhi kama kamba ya kumvutia mzee nje, ndicho kilichomfunga.

*

Kwenye benchi la kituo Samiha alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani, kanzu imekunjwa ndani, harufu ya udi mpaka barabarani. Alisimama. Mboni alipita mbele yake akitazama sakafu, na mgongoni alihisi mwanamke yule anakaa tena taratibu.

Mzee Uweso aliletwa chumba cha mahojiano. Mtu mwembamba, ndevu nyeupe, vidole virefu alivyovipanga juu ya meza kama kwamba hata meza ina sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa natoka."

Mboni alimsomea onyo kwanza, kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalolisema litaandikwa na laweza kutolewa ushahidi. Mzee alisikiliza kwa adabu. Tadeo alishika kalamu.

"Jumanne ulikuwa unapiga wimbo wa Mkwaja."

"Ndiyo."

"Adhana ya Isha ikaita."

"Nikaacha. Muulize yeyote. Mashine haiachi kwa adhana, mwanangu. Hilo lazima umelifikiri."

"Nililifikiri," alisema Mboni. "Nililifikiri kama ulivyotaka nilifikiri." Akasogeza kiti mezani. "Ukaanza tena lini?"

"Adhana ilipoisha."

"Bi Asmahani anasema ulianza kabla ya hayya alal falah."

Mzee alikunja uso, na ilikuwa hasira ya kweli, ya mtu aliyetukaniwa dini. "Asmahani mwongo! Mimi nipige juu ya adhana? Adhana ya Abdulla naijua kwa moyo, dakika tatu na kitu, hazidi."

"Abdulla mgonjwa, yuko Maramba. Aliadhini mgeni, Mpemba. Anavuta karibu dakika sita." Kisha akauliza, na wala hakuwa anatega, alikuwa anashangaa tu kama mtoto yeyote wa mji ule angeshangaa: "Kwani wewe, baba, hukuisikia?"

"Kwa mngurumo ule utasikia nini?"

Kalamu ya Tadeo ilifika mwisho wa sentensi hiyo na kusimama. Ukumbini jenereta halisikiki. Wao wenyewe walilijaribu Jumatano, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Linanguruma mahali pamoja tu, bandani.

Mzee Uweso alitazama kalamu, akamtazama Mboni. Hakujaribu kuokota alichokiangusha. Mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo ambao hata hivyo asingefika nao.

"Basi kumbe hata sikuisikia," alisema. "Miaka yote, ndiyo mara ya kwanza."

"Huhitaji kuendelea, baba. Unaweza kungoja wakili."

"Ningoje wa nini?" Alivuta pumzi. "Jumatatu aliponiambia asante, niliondoka, nikafika getini, nikamsikia mtu anapiga. Nikarudi mpaka mlangoni. Hakukuwa na mtu. Ni mimi. Anapiga vizuri, mwanangu. Nilisimama nikitafuta mahali anapokosea nimcheke, nikakuta anakosea palepale ninapokosea mimi. Nikajua hakuna atakayenifuata tena nyumbani. Harusi zote, watu wote wale, mtu atabonyeza kitufe. Na Ernesti akatoka ofisini, akanikuta nimesimama, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alifurahi tu kwamba imefanya kazi."

Yaliyobaki yalikuwa mambo ya kawaida ya jalada: dirisha, spana, alikonawia mikono. Tadeo aliandika yote. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na nusu. Mkuu wa upelelezi hakuwa ameondoka, alikuwa anasubiri chumba cha pili, akitazamia karatasi ya aina nyingine.

"Na ile diski," aliuliza mzee mwishoni, "mtaifanya nini?"

"Ni kielelezo. Jaji atataka kuisikia. Itapigwa mbele yake, mpaka inyamaze na mpaka ianze tena."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Mzee Uweso alifikiri. Vidole vyake vilisogea juu ya meza, vikasimama.

"Mwambie jaji kwamba siku ile nilipoijaza diski nilikuwa na homa," alisema. "Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Huwa naupiga vizuri zaidi ya hivyo."

Tadeo alimtazama afande wake, ajue kama hilo nalo liandikwe. Mboni aliitikia kwa kichwa kwamba liandikwe, kwa sababu maelezo ya mtuhumiwa huandikwa neno kwa neno, kisha akamgeuzia mzee karatasi na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi.